Mbayuwayu wa Tanganyika: wachezaji wanaovuka mpaka na mkataba mkononi

Mfanyabiashara wa Rumonge anayekwenda kununua mzigo Kigoma anaijua njia hii bila kuuliza mtu. Unafuata barabara ya ziwani hadi Nyanza-Lac, unapanda Mabanda, unafika Mugina, unagongewa muhuri, unavuka upande wa Manyovu, halafu unaanza kubishana nauli na makondakta. Garini mna mama wa vitenge, kijana wa vipuri vya pikipiki, mzee anayekwenda kumjulia hali mgonjwa. Na siku nyingine yumo msichana mwenye begi moja la mgongoni, viatu vya mpira vikining'inia kwa kamba zake. Hana mzigo wa kukaguliwa. Akiulizwa anakwenda kufanya nini, jibu lake ni fupi: anakwenda kazini.

Kurasa hizi zimezoea habari za samaki, mawese, unga na saruji. Leo tunawatambulisha wafanyakazi wa mpakani ambao bidhaa yao ni miguu yao: wachezaji wa kike wa soka wa Burundi, hasa wale wanaotoka au kupita katika mwambao huu wa Ziwa Tanganyika kwenda kuchezea mshahara nchi jirani. Wanapita njia ile ile unayopita wewe, mbele ya maofisa wale wale. Tofauti ni kwamba wewe umeshajifunza karatasi zako. Wao wengi bado, na hasara yao inaanzia hapo.

Wa kwanza kutambulishwa hahitaji utambulisho mtaa wa Msimbazi. Asha Djafari, mshambuliaji, Mrundi, aliivaa jezi nyekundu ya Simba Queens katika miaka ambayo klabu hiyo ilitamba katika soka la wanawake Tanzania. Mwenzake alikuwa Joelle Bukuru, kiungo, naye Mrundi. Mshambuliaji ndiye anayeonekana, kama mwenye duka aliyekaa mbele ya rafu zake. Kiungo ni kama wakala wa forodha: ukiona mzigo umepita bila kelele, ujue kuna mtu kafanya kazi. Ndiyo maana watazamaji wengi wa Bujumbura na Rumonge wanakumbuka mabao ya Asha, lakini makocha ukiwauliza watakutajia pia pasi za Joelle.

Mwaka 2022 ulikuwa wa neema kwa Simba Queens. Mwezi Agosti, kwenye uwanja wa Azam kule Chamazi, waliifunga She Corporates ya Uganda 1-0 katika fainali ya kanda ya CECAFA, wakapata tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake. Mashindano yale yale yalikuwa na Fofila PF, wawakilishi wa Burundi. Yaani katika mji mmoja, wiki zile zile, kulikuwa na Warundi waliokuja na timu ya kwao na Warundi walioajiriwa na wenyeji. Hakuna mfanyabiashara atakayeshangaa: hata sokoni Kigoma utamkuta mtu wa Rumonge upande huu wa meza na mwingine upande ule.

Simba Queens wakaenda Morocco na kumaliza nafasi ya nne Afrika. Walipoteza mechi ya kwanza kwa AS FAR, wakashinda mbili, wakatolewa nusu fainali na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini. Kwa klabu ya Tanzania kufika hapo lilikuwa jambo jipya kabisa.

Njia hiyo wanaume walikuwa wameshaifungua. Amissi Tambwe alitoka Vital'O ya Bujumbura mwaka 2013, akaja kuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania akiwa Simba, kisha tena akiwa Yanga. Saidi Ntibazonkiza naye alizichezea zote mbili. Lakini kwa wasichana kulikuwa hakuna soko. Mtu angeweza kuwa na kipaji cha kutisha na bado akabaki kuuza nyanya kwa kuwa hakukuwa na mnunuzi wa kipaji hicho.

Soko lilifunguka kwa sababu ambayo watu wa biashara wataielewa haraka. Shirikisho la Afrika, CAF, lilianzisha Ligi ya Mabingwa ya wanawake mwaka 2021, na likaweka katika masharti ya leseni kwamba klabu ya wanaume inayotaka kucheza mashindano ya Afrika lazima iwe na timu ya wanawake. Klabu zenye fedha zikawa zinahitaji wachezaji kwa haraka, na wachezaji hawakuwa wengi. Bidhaa ikiadimika nyumbani, mnunuzi huangalia kwa jirani. Jirani wa Dar es Salaam, katika soka la wasichana, ni pamoja na Bujumbura.

Timu ya taifa ya Burundi inaitwa Intamba mu Rugamba. Kwa Kiswahili tungesema mbayuwayu vitani. Sina hakika kama aliyechagua jina alifikiria hili, lakini mbayuwayu ni ndege asiyeulizwa pasipoti.

Kizazi kilichofungua mlango ni kile cha 2022. Mwezi Juni mwaka huo, Njeru nchini Uganda, Burundi ilifika fainali ya CECAFA ya wanawake na kufungwa na wenyeji 3-1. Wiki chache baadaye ikawa Morocco, kwa mara ya kwanza katika historia yake kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake. Kocha alikuwa Gustave Niyonkuru. Pamoja na Asha na Joelle walikuwamo Aniella Uwimana na Sandrine Niyonkuru, majina ambayo ukiyataja Buyenzi jioni huwezi kuondoka mapema.

Matokeo yalikuwa haya: Botswana 4, Burundi 2. Afrika Kusini 3, Burundi 1. Nigeria 4, Burundi 0. Mechi tatu, mabao kumi na moja ya kufungwa, na safari ya kurudi nyumbani. Wapo waliocheka. Mimi nayasoma matokeo hayo kwa namna nyingine. Afrika Kusini iliyofungwa bao na wasichana hao ndiyo iliyochukua kombe, kwa kuifunga Morocco 2-1 katika fainali. Na timu tatu walizocheza nazo zilikuwa na wachezaji waliokula, kulala na kulipwa kwa mpira kwa muda mrefu kuliko wao. Ukimpeleka muuzaji wa meza moja kushindana na mwenye ghala, uliza kwanza mtaji, ndipo ucheke.

Kabla ya hao wote alikuwapo mwanamke mmoja ofisini. Lydia Nsekera aliliongoza Shirikisho la Soka la Burundi kuanzia 2004 hadi 2013. Mwaka 2009 aliingia Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Mwaka 2012 akaingizwa katika kamati tendaji ya FIFA, mwanamke wa kwanza tangu chombo hicho kiwepo, na mwaka uliofuata akachaguliwa kwa kura. Nchi ndogo isiyo na bahari, iliyokuwa imetoka vitani juzi, ndiyo iliyompeleka mwanamke wa kwanza kwenye meza ile. Wasichana wanaocheza leo walikuwa watoto wadogo wakati rais wa mpira wa nchi yao alikuwa mama. Jambo hilo linabadilisha maneno ambayo baba anaweza kumwambia binti yake.

Sasa turudi ziwani. Rumonge ni mji wa mawese na samaki, kilomita sabini na kitu kusini mwa Bujumbura. Asubuhi ndagala zinaanikwa, mitumbwi inapakuliwa, madumu ya mafuta yanapimwa, na Kiswahili kinasikika pamoja na Kirundi bila mtu kutambua kabadilisha lini. Siku ya anga safi unaiona milima ya Congo ng'ambo, upande wa Ubwari na Fizi.

Kiswahili cha hapa kina historia yenye machungu. Mwaka 1972 machafuko na mauaji yaliikumba pwani hii, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwa miongoni mwa sehemu zilizoanza kuungua, na watu kwa maelfu wakakimbilia Tanzania. Makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo yalijaa watu wa mwambao huu. Miaka zaidi ya thelathini baadaye wengi walirudi, wakakuta mashamba yao yana wenyewe wengine, na wakarudi na watoto waliosoma shule za Kiswahili. Wengine zaidi ya 160,000 walipewa uraia wa Tanzania na wakabaki. Kwa hiyo ukikuta familia moja ina shangazi Rumonge, mjomba Kigoma na babu aliyezikwa Katavi, usidhani ni hadithi.

Kwa mchezaji, historia hiyo ina uzito wa kisheria. Msichana aliyezaliwa Mishamo wa wazazi wa Rumonge atachezea taifa gani? FIFA inaangalia uraia, si kabila wala lugha. Tanzania kwa upande wake hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Na mchezaji akishavaa jezi ya timu ya taifa ya wakubwa katika mechi rasmi ya mashindano, kubadili kunakuwa kugumu sana. Uamuzi unaofanywa na binti wa miaka kumi na minane, pengine kwa kuwa kocha kampigia simu usiku, unaweza kumfunga maisha yake yote ya mpira. Wazee wa familia wanaojua nani alizaliwa wapi na ana karatasi gani wangeketi naye kabla hajasaini.

Mpaka wa kwanza wa msichana wa Rumonge, hata hivyo, si Mugina. Ni barabara ya kwenda Bujumbura. Klabu zilizoiwakilisha Burundi katika kanda ni PVP ya Buyenzi mwaka 2021, Fofila mwaka 2022, Buja Queens mwaka 2023. Mwambao wa kusini unatoa watoto, mji mkuu wa biashara unatoa jezi. Binti anahamia kwa ndugu, Buyenzi au kwingineko, anafanya mazoezi jioni, na mchana anasaidia kazi za nyumba aliyofikia. Mama mwenye genge anajua gharama ya hilo: ni mikono miwili imepungua sokoni, na nauli ya likizo juu yake.

Na hata uwanja si hakika. Wakati fulani timu ya taifa ya Burundi imelazimika kucheza mechi za nyumbani nje ya nchi kwa sababu viwanja vyake havikupitishwa. Juni 2022 wanaume waliipokea Cameroon Dar es Salaam, kwenye uwanja wa Benjamin Mkapa. Waliouza maji, karanga na skafu siku ile walikuwa wa Temeke.

Sasa tuje kwenye karatasi, ambapo ninyi wasomaji mnaweza kuwa walimu.

Mfanyabiashara mdogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 anapata cheti rahisi cha uasili, anapita bila ushuru wa forodha kama bidhaa iko kwenye orodha. Mchezaji naye ana cheti chake: hati ya uhamisho ya kimataifa, ile watu wa mpira wanayoiita ITC. Shirikisho la nchi anayotoka linaitoa kwa shirikisho la nchi anayokwenda, kwa njia ya kompyuta. Bila hiyo hasajiliwi, hata kama amekaa kambini miezi mitatu. Na kanuni za FIFA zinasema wazi kwamba hati hiyo hutolewa bure, bila masharti. Mtu yeyote anayemwambia binti kwamba ITC inalipiwa kwa mkono, amfahamishe kwamba hilo halimo kwenye kanuni.

Halafu kuna kibali cha kazi. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, nayo inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuvuka. Kanuni zake zinasema mwenye mkataba wa zaidi ya siku 90 aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu kusaini, na mamlaka ijibu ndani ya siku 30. Lakini kila nchi iliandika ni aina gani za wafanyakazi inazifungulia mlango, na huko ndiko ugumu unakoanza. Tunaojua mpaka tunajua kuwa kati ya kanuni na dirisha la ofisa kuna foleni. Mchezaji hana budi kuiuliza klabu swali moja kabla ya kupanda gari: kibali ataomba nani, na atalipa nani? Jibu liandikwe kwenye mkataba.

Umri nao ni mpaka. Kwa kanuni za kimataifa mchezaji wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache. Mojawapo inaihusu pwani kama hii: kama mtoto anaishi si zaidi ya kilomita 50 kutoka mpakani, na klabu nayo iko ndani ya kilomita 50 upande wa pili, anaweza kusajiliwa, ila aendelee kulala kwao na mashirikisho yote mawili yakubali. Ukiitazama ramani, Rumonge na Baraka zinatazamana juu ya maji na zinaingia katika kipimo hicho. Aliyeandika kanuni bila shaka alifikiria miji ya Ulaya yenye treni. Hakumfikiria mtoto wa shule avuke Tanganyika kwa boti kwenda mazoezini na kurudi jioni kabla upepo haujageuka.

Kwa hiyo ukimwona msichana wa miaka kumi na tano akivushwa Mugina na mtu anayejiita wakala, akisema kuna timu inamsubiri Dar, hapo kuna jambo la kuuliza. Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, na jina lake linaweza kutafutwa. Mtoto kama huyo akikosa timu hana nauli ya kurudi, na kuna kazi nyingi mjini zinazomsubiri msichana asiye na nauli.

Jambo linaloniuma kuliko yote ni hesabu ya klabu ndogo. Mvulana wa Burundi akisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa nje ya nchi, klabu zilizomlea zinastahili fidia ya mafunzo. Kwa wasichana, kanuni ile ile ya FIFA, ibara ya 20, ina sentensi moja inayosema fidia hiyo haihusu soka la wanawake. Basi. Nia yake inaelezwa kuwa njema: klabu za wanawake hazina fedha, fidia ingezuia wasichana kusajiliwa. Lakini angalia kwa jicho la anayelea. Kocha wa mtaani anayenunua mpira mmoja kwa mwezi, anayewatuliza wazazi, anayemtoa binti kwenye maji ya ziwa hadi klabu ya ligi kuu, anabaki na picha kwenye simu.

Kipo kinachoitwa mchango wa mshikamano, asilimia 5 ya bei ya uhamisho, na huo unawahusu wanawake pia. Hugawanywa kwa klabu zote zilizomlea mchezaji tangu msimu aliotimiza miaka 12 hadi 23. Tupige hesabu. Tuseme klabu moja inamuuza mchezaji kwa klabu ya nje kwa dola 10,000 kabla mkataba wake haujaisha. Mshikamano ni dola 500. Klabu iliyokuwa naye miaka minne, msimu wa 12 hadi wa 15, inapata dola 100. Si nyingi, ila ni mipira kadhaa na jezi. Tatizo ni kwamba wachezaji wengi wa kike huondoka mkataba ukiwa umeisha, bila bei ya uhamisho. Asilimia 5 ya sifuri kila muuzaji wa nyanya anaijua.

Na hata pale penye fedha, klabu isiyoandika kumbukumbu haiwezi kudai. Shirikisho linataka kuona kwamba mtoto alisajiliwa, msimu gani, kwa jina gani, tarehe gani ya kuzaliwa. Daftari la kocha halitoshi. Hapa ndipo ningependa kuona vyama vya wafanyabiashara wa Rumonge vikisaidia. Ninyi mnaotunza risiti za miaka mitano kwa ajili ya watu wa kodi, mtoto mmoja wa chama akiketi na kocha siku mbili kupanga usajili wa wachezaji, kazi imekwisha.

Ukitaka kujua fedha ziko wapi, tazama ng'ambo ya ziwa na kusini zaidi. Novemba 2024 timu ya wanawake ya TP Mazembe ya Lubumbashi iliifunga AS FAR 1-0 na kuwa bingwa wa Afrika, bao likifungwa na Marlène Kasaj. Zawadi ilikuwa dola 600,000. Lubumbashi ni mji wa Kiswahili, Congo ni mwanachama wa Jumuiya tangu 2022, na binti wa Rumonge angeelewana na wenzake pale tangu siku ya kwanza. Julai 2025 bingwa wa Kombe la Mataifa la wanawake, Nigeria, aliondoka na dola milioni moja. Soko limekua. Njia za kulifikia ndizo zinazoyumba: Burundi ilipofunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda Januari 2024, mwenye timu Kigali alilazimika kuzunguka. Upande wa Gatumba na Uvira unafuata hali ya vita. Kwa watu wa mwambao imebaki zaidi hii ya kusini, ya Manyovu.

Mshahara wenyewe unarudi nyumbani kwa njia mnazozijua. Shilingi zinaingia kwenye simu Dar au Kigoma, na mara nyingi mtu wa kuzibadilisha na kuzifikisha kwa mama Rumonge ni mfanyabiashara anayerudi na mzigo. Wewe unahitaji shilingi upande ule, mama anahitaji faranga upande huu. Mambo hayo yanakwenda kwa kuaminiana. Ila siku mshahara usipoingia, wewe ndiye wa kwanza kujua, kabla hata ya shirikisho.

Basi jua na haya, umwambie. Mchezaji wa kulipwa kwa maana ya kanuni ni yule mwenye mkataba wa maandishi na anayelipwa zaidi ya gharama zake. Asiye na karatasi ni wa ridhaa hata kama anaitwa nyota. Mkataba usipungue hadi mwisho wa msimu, usizidi miaka mitano, na kwa aliye chini ya 18 usizidi mitatu. Klabu ikikaa miezi miwili bila kulipa, mchezaji anaandika barua ya kudai, anatoa siku 15, na wasipolipa anaweza kuvunja mkataba kwa haki. Akipata ujauzito hafukuzwi: tangu Januari 2021 kanuni zinampa likizo isiyopungua wiki 14, nane kati ya hizo baada ya kujifungua, kwa theluthi mbili ya mshahara, isipokuwa sheria ya nchi au mkataba unampa zaidi.

Wengi hurudi kimya. Wanashuka Mugina na begi lile lile, wanasema mkataba umeisha, wanarudi kumsaidia mama kwenye mawese, na mishahara ya miezi minne inabaki Dar. Kesi inaweza kufunguliwa FIFA hata mchezaji akiwa ameshafika Rumonge, mradi ana nakala ya mkataba na ujumbe wa simu haukufutwa. Muda ni miaka miwili, na inahesabiwa tangu siku deni lilipozaliwa, si tangu siku aliyovuka kurudi nyumbani.